Msiwaibie Watoto Mwaka Wao

Kuna majivuno mapya yanayotembea katika mitaa yetu, huku Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na najua kwamba Kalemie na Bukavu nako yamefika. Zamani mzazi alijivunia mtoto aliyesoma vizuri. Siku hizi ajivunia mtoto aliyesoma mapema. Msikilize baba mmoja akitoka Misa ya Dominika, amesimama na rafiki zake penye mlango wa kanisa: «Wangu hajatimiza miaka mitano, naye yuko kalasi ya kwanza.» Mwenzake hataki kushindwa: «Wangu hakusoma kalasi ya sita. Alitoka ya tano akaingia moja kwa moja sekondari.» Wote wawili wanacheka na kupongezana. Mtoto mwenyewe yupo hapo hapo, ameshika nguo ya mama yake, wala hakuna anayemwuliza neno.

Kwetu mtoto huyo anaitwa kadogo, kadogo wa kalasi. Ni jina zuri, lenye upendo ndani yake, ingawa vita ya miaka 1996 na 1997 ililichafua, maana watu walianza kuwaita hivyo watoto waliobebeshwa bunduki. Mimi nalirudisha kwa wenyewe, wale wanaobeba buku na kalamu.

Nasema wazi tangu mwanzo, ili mtu asidhani nazungukazunguka. Kuwa kadogo wa kalasi si ugonjwa, wala si sifa. Katika kila kalasi duniani lazima awepo mmoja aliyezaliwa nyuma ya wote, na huyo hana kosa. Lakini mzazi anayemfanya mtoto kuwa kadogo kwa makusudi, kwa kusema uwongo juu ya mwaka aliozaliwa, au kwa kumrusha kalasi asiyoisoma, huyo amwibia mtoto wake mwenyewe. Amwibia mwaka mmoja mzima wa utoto, na mwaka huo hakuna anayeweza kuurudisha.

Mwajua namna wizi huo unavyofanyika. Sheria ya elimu ya nchi yetu, ile ya tarehe 11 Februari 2014, yataka mtoto aanze kalasi ya kwanza akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo kuna maternele, miaka mitatu, kwa watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Basi baba mwenye haraka anafanya nini? Anakwenda komini kutafuta cheti kilichoongezwa mwaka mmoja. Au anamfuata direkta nyumbani usiku na bahasha. Au anatafuta shule ndogo ya mtu binafsi, nyumba ya vyumba vitatu iliyoandikwa jina kubwa ukutani, ambayo haiulizi chochote isipokuwa pesa. Miaka mitano baadaye mchezo unarudiwa: mtoto wa kalasi ya tano anaandikishwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kana kwamba amesoma ya sita.

Jambo la kuchekesha ni hili (tena la kusikitisha). Baba huyo huyo, mwanawe akifika miaka kumi na sita na kujua kucheza mpira, anarudi komini kutafuta cheti kingine. Safari hii ataka miaka ipunguzwe, ili kijana aonekane bado mdogo mbele ya wanaochagua timu. Basi mtoto mmoja ana miaka mitatu tofauti: ule wa shule, ule wa mpira, na ule wa kweli anaoujua mama yake peke yake.

Tuingie sasa katika kalasi yenyewe, maana wengi wanaojisifu hawajakaa humo hata nusu saa.

Mtoto wa miaka mitano ameishi miezi 60. Mtoto wa miaka sita ameishi miezi 72. Miezi 12 kwangu mimi na kwako wewe ni kitu kidogo. Mtu wa miaka arobaini na mtu wa miaka arobaini na mmoja, nani anaweza kuwatofautisha? Lakini kwa mtoto wa miaka mitano mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote. Katika mwaka huo mmoja vidole vinajifunza kushika kalamu bila kuivunja ncha. Macho yanajifunza kufuata mstari. Mtoto anajifunza kukaa, kungoja zamu yake, kuomba ruhusa ya kwenda nje kabla mambo hayajaharibika, kutetea mkate wake bila kulia. Hayo yote hayamo katika programu ya Serikali, lakini asiyekuwa nayo hawezi kuifuata programu hiyo. Mwalimu anaandika herufi ubaoni, wenzake wananakili mistari mitatu, yeye bado anahangaika na mstari wa kwanza. Je, ni mjinga? Hapana. Mkono wake haujakomaa.

Na hapo nimesema kama kwamba wote katika kalasi wana miaka sita. Kwetu Kongo sivyo. Shule ya msingi ya Serikali imefanywa kuwa bure tangu Septemba 2019, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi, na watoto kwa mamilioni wakaingia masomoni. Lilikuwa jambo jema sana. Wengi wao walikuwa wamechelewa, kwa sababu wazazi wao walikosa pesa za kulipa walimu miaka ile yote. Ongezeni wale wa Kivu na Ituri ambao vita iliwafukuza kijijini mara mbili, mara tatu, na kila mara wakapoteza mwaka. Kwa hiyo katika kalasi ya kwanza ya parokia moja utakuta mtoto wa miaka sita, wa saba, wa nane, hata wa tisa. Mtoto wa miaka tisa ana miezi 108, karibu mara mbili ya yule wa miaka mitano. Wanakaa benchi moja. Tena benchi lililotengenezwa kwa watatu linakaliwa na watano au sita, na katika kalasi yenye watoto themanini au mia mwalimu hawezi kumwona kila mmoja. Nani atasukumwa pembeni? Nani atanyang'anywa kalamu? Nani atalala saa tano, kichwa juu ya buku, kwa sababu jua la Septemba ni kali na ametembea na miguu mifupi kutoka mbali?

Ndipo karatasi ya pointi inafika nyumbani, nayo si nzuri. Baba yule yule aliyejisifu mlangoni mwa kanisa anakasirika. Anashika fimbo. Anamwambia mtoto: «Wenzako wanaweza, wewe kwa nini?» Wenzako! Wenzake gani? Hakuna hata mmoja katika kalasi hiyo aliye mwenzake. Wenzake wako maternele, wanaimba na kuchora.

Hatuna mkulima hapa Katanga anayeng'oa mihogo ya miezi minne ili amwonyeshe jirani kwamba shamba lake limetangulia. Angepata mizizi myembamba kama vidole, na jirani angemcheka. Kwa mihogo tuna akili.

Najua mtanijibu, nami nimeyasikia majibu yenyewe mara nyingi.

Wa kwanza asema: «Mtoto wangu ana akili nyingi, anajua tayari kusoma majina ya maduka barabarani.» Vizuri, nafurahi naye. Mpe buku nyumbani. Mwimbishe, mhesabishe mayai, mwache asome majina ya maduka yote mpaka sokoni. Kujua herufi si sababu ya kumkalisha na watoto wanaomzidi mwaka au miaka mitatu. Wapo kweli watoto wachache waliotangulia kwa kila jambo, kwa kichwa, kwa mwili, kwa moyo. Hao mwalimu wa maternele atawaona mwenyewe na kusema. Lakini ni mmoja mmoja. Siwezi kuamini kwamba Mungu amewamwaga wote katika mtaa mmoja, tena katika nyumba za watu wenye magari.

Wa pili asema: «Akimaliza mapema, atapata kazi mapema.» Tufanye hesabu pamoja, ndugu yangu. Mtoto aliyeanza kwa miaka sita na kusoma kalasi zote sita za msingi na miaka sita ya sekondari anafanya mtihani wa Serikali akiwa na miaka 18. Wako, aliyeanza na mitano na kuruka kalasi moja, ataufanya akiwa na miaka 16. Haya, ana diploma. Nani atampa kazi mtoto wa miaka 16? Vijana wenye miaka 25 na diploma ya juu wanakaa barazani wakitafuta. Umekimbia miaka kumi na moja ili ufike kwenye mstari mrefu wa watu wanaongoja, na mwanao ndiye mfupi kuliko wote katika mstari huo.

Na kama mtoto huyo ni binti? Hapa nataka mama wanisikilize zaidi, maana mara nyingi baba hafikiri mpaka huku. Binti aliyesukumwa namna hiyo anaingia sekondari na miaka kumi. Miaka kumi! Bado anacheza kamba. Katika kalasi hiyo hiyo kuna vijana wa miaka kumi na tano na kumi na sita, waliochelewa bila kosa lao, ambao sauti zimekwisha kuvunjika. Anatembea nao njiani, anakaa nao saa za mapumziko, anasikia maneno yao na kuona picha zilizomo katika simu zao. Baadaye, akiwa na miaka 16, anapelekwa chuo kikuu katika mji mwingine, anapanga chumba na wasichana wa miaka ishirini na zaidi. Sheria ya nchi yetu yasema mtu hawezi kuolewa kabla ya miaka 18, maana kabla ya hapo ni mtoto. Lakini wewe umemtoa mtoto nyumbani kwako miaka miwili kabla ya kuwa mtu mzima, ukamwachia ajilinde mwenyewe, kwa sababu tu ulitaka neno la kusema mlangoni mwa kanisa. Sitaongeza. Mama mwenye masikio amekwisha kuelewa.

Wa tatu ni mama anayeuza sokoni. Anaamka saa kumi alfajiri kufuata unga au samaki wa kuuza, anarudi jioni kupika bukari. Hana msichana wa kumsaidia, bibi yuko kijijini. Maternele inalipwa, kalasi ya kwanza ni bure. Basi akamwandikisha mtoto wa miaka mitano katika kalasi ya kwanza, ili walau awe mahali penye ukuta na mtu mzima. Huyu simlaumu hata kidogo. Lawama ni yetu sisi tunaomzunguka. Serikali ilifungua mlango wa shule ya msingi bure, ikafanya vema. Mlango wa watoto wadogo, pale penye haja kubwa ya mama maskini, umebaki na kufuli ya pesa. Na sisi wa parokia tuna ukumbi ambao toka Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi hauna kazi isipokuwa kuhifadhi viti. Tuna mama wa jumuiya waliolea watoto saba na wanane, tena wakiwa na saa tupu. Mikeka kumi, ndoo ya maji safi, uji, mama wawili waaminifu wanaolipwa kidogo kutoka katika mchango: hayo si mambo ya kungoja msaada kutoka Ulaya. Parokia inayoweza kununua gitaa ya umeme na vipaza sauti vya kwaya inaweza kununua mikeka.

Sasa niseme na wazazi wa namna nyingine, wale waaminifu. Mtoto wao hakusukumwa na mtu. Alizaliwa tu katika mwezi unaomfanya wa mwisho. Miaka sita ameitimiza juzi juzi, na Septemba imefika. Hawa hawajisifu, hawa wanaogopa. Usiku mama anamwambia baba: «Ni mdogo kuliko wote. Mwalimu amesema hafuati. Labda hana akili?»

Wajue kwanza kwamba hawako peke yao. Uingereza mwaka wa shule unakatwa kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 1 Septemba. Mtoto aliyezaliwa mwisho wa Agosti anaweza kuingia kalasi ya watoto wadogo akiwa ametimiza miaka minne juzi tu, na benchi moja na yule aliyekaribia mitano. Huko wazazi wengi wanapigania jambo lililo kinyume cha haraka ya kwetu: wanaomba watoto hao wangoje mwaka mmoja, waanze na miaka mitano, na sheria yawaruhusu kuomba. Angalieni tofauti. Wao wanaandika barua ili mtoto angoje. Sisi tunatoa bahasha asingoje.

Tena jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 2006 wachunguzi wawili, Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, walitoa hesabu za nchi nyingi tajiri. Walikuta kwamba katika kalasi ya nne wale wadogo wa kalasi walikuwa nyuma ya wale wakubwa, na kwamba katika kalasi ya nane pengo hilo lilikuwa limepungua, ingawa halikuwa limekwisha. Watoto hao walikuwa wametofautiana kwa miezi tu, si kwa miaka kama kwetu. Mwaka 2018 wengine walitoa hesabu ya Marekani, katika majimbo ambamo tarehe 1 Septemba ndiyo inayokata. Kwa kila watoto 10,000 waliozaliwa Agosti, yaani wale wadogo wa kalasi, karibu 85 waganga walikuwa wamewaandika kuwa na ugonjwa wa kutotulia na kukosa usikivu. Kwa kila 10,000 waliozaliwa Septemba, yaani wakubwa wa kalasi iliyofuata, walikuwa karibu 64. Pale ambapo tarehe hiyo haikati mwaka wa shule, tofauti ya namna hiyo haikuonekana. Fikirini vizuri maana yake. Watoto walipewa jina la ugonjwa, na wengine wakameza dawa, na ugonjwa wao mkubwa ulikuwa kuzaliwa wiki chache kabla ya jirani.

Kwetu hatuna waganga wengi wa kuandika dawa hizo. Tunayo maneno, na maneno yetu ni ya bure: kichwa kigumu, mvivu, bubu. Wako hata wanaokwenda kumwuliza mganga wa kienyeji ni shangazi gani aliyefunga akili ya mtoto. Shangazi wa watu anachukiwa miaka kumi kwa sababu ya miezi minane ya kalenda!

Kuna habari nyingine ya kuwatuliza wenye hofu. Mwaka 2011 wachunguzi watatu walitoa kazi yao juu ya vijana wa Norway. Waliangalia vipimo vya akili vilivyofanywa karibu na miaka 18, vijana walipoitwa jeshini, wakatenganisha umri wa kuanza shule na umri wa siku ya kipimo. Walikuta kwamba kuanza mapema au kuchelewa kidogo kuliacha alama ndogo sana katika akili hizo. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita aliye nyuma leo hana hukumu juu yake. Pengo la miezi hujaa lenyewe, kama watu wazima hawalichimbi zaidi kwa matusi na fimbo. Lakini tusidanganyane: shule za Norway zina walimu wa kutosha na kalasi ndogo. Hapa kwetu kadogo akipotea katika umati wa mia, pengo halitajaa lenyewe. Mtu lazima amwangalie.

Mtu huyo ni nani? Ni mwalimu kwanza. Nami nina neno na walimu, nikijua mishahara yao na mateso yao. Katika buku la majina, kando ya kila jina kuna tarehe ya kuzaliwa. Ni walimu wangapi wanaoitazama baada ya siku ya kuandikisha? Mwalimu anayejua kwamba huyu ana miaka sita na yule minane hatawapigia kipimo kimoja cha uzuri wa mwandiko. Atamweka kadogo benchi la mbele, si la nyuma pamoja na wale wakubwa wanaolala. Atamwuliza maswali kwa mdomo kabla ya kumdai kwa kalamu. Hayo hayahitaji pesa wala kitabu kipya.

Na ile desturi ya mwisho wa mwaka, ya kusoma majina mbele ya wazazi wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, inafaa kwa nini katika kalasi ya kwanza na ya pili? Wa kwanza anapigiwa makofi na kumwagiwa unga kichwani, ni furaha, sikatai. Lakini yule wa sabini na tisa, ambaye mara nyingi ni kadogo, anapita katikati ya watu akitazama viatu vyake, na wengine wanacheka. Kwa mtoto wa miaka sita neno hilo linaingia ndani kuliko hesabu yote aliyofundishwa mwaka ule. Mwiteni mzazi, mpeni karatasi mkononi, mwambieni mtoto amejua nini tangu Septemba. Mbona tunapima mtoto kwa mgongo wa mwenzake, badala ya kumpima kwa mlango wa nyumba yake, pale tunapochora mstari wa urefu wake kila mwaka?

Nirudi kwenye karatasi, maana uwongo wa karatasi ndio mzizi.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Wabeleji. Watoto wengi hawakuwa na cheti. Mlangoni mwa masomo ya misioni mtoto aliambiwa: pitisha mkono wako wa kuume juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, hawezi. Akikaribia miaka sita au saba mkono unafika. Aliyefika aliingia, asiyefika alirudi nyumbani kungojea mwaka mwingine. Kilikuwa kipimo kibovu. Wenye mikono mifupi walionewa, na wengine walirudishwa miaka miwili mfululizo wakilia. Sitaki kirudi. Lakini kilikuwa na wema mmoja: baba hakuweza kukihonga.

Leo sheria ya kulinda watoto, ya mwaka 2009, yataka kila mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Uchunguzi uliofanyika nchini 2017 na 2018 ulikuta kwamba katika watoto 100 wasiotimiza miaka mitano, karibu 40 tu ndio walioandikishwa. Hao wengine sitini watapewa mwaka wowote ambao mzazi atausema siku atakapouhitaji. Ndiyo maana uwongo ni rahisi hivi. Na uwongo huo haubaki katika shule ya msingi. Tarehe iliyoandikwa kalasi ya kwanza inapanda kalasi pamoja na mtoto, inafika katika mtihani wa mwisho, inachapwa katika diploma ya Serikali. Siku moja kijana mwenye miaka 22 ataka pasipoti au kazi. Diploma yasema mwaka mmoja, cheti cha kuzaliwa chasema mwingine, na cheti cha ubatizo, kilichoandikwa na padri aliyemwona akiwa amefungwa kangani, chasema ule wa kweli. Afisa anaweka karatasi tatu mezani, anauliza: «Wewe ni nani katika hawa?» Hapo ndipo kijana anaanza kwenda tribinali, kulipa, kurudi, kulipa tena, kwa kosa alilofanyiwa akiwa na miaka mitano. Baba aliyejisifu pengine amekwisha kufa.

Cheti cha ubatizo nimekitaja kwa makusudi. Katika parokia zetu buku la ubatizo limetunzwa vizuri kuliko karatasi nyingi za komini. Mwenye shaka juu ya tarehe ya mwanawe aende kwa padri, aombe nakala. Wakatekista nao waache kuandika tarehe wanayoambiwa na baba wa ubatizo kwa kukisia; wamwulize mama, anajua mvua ilikuwa imeanza au bado. Na direkta wa shule za Kanisa, zile zinazoendeshwa kwa mapatano na Serikali tangu 1977, asipokee mtoto wa kalasi ya kwanza bila kuona karatasi moja ya kweli. Akiletewa bahasha, airudishe mbele ya sekretari wake, kwa sauti.

Kuandikisha kutaanza wakati wa likizo, kabla watu hawajarudi kutoka mashambani. Wazazi wenye mtoto atakayetimiza sita mwezi wa tatu au wa nne wa mwaka ujao wamwache maternele, au nyumbani kwa bibi, mpaka Septemba nyingine. Yule ambaye tayari yumo ndani, na ni kadogo, na mambo yanamshinda, wasingoje karatasi ya pointi ya mwisho wa mwaka. Waende wote wawili, baba na mama, wamwone mwalimu kabla ya Noeli, wakiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, wamwombe ampeleke benchi la mbele.